Kisu cha Kukunja: Namna ya Kukifungua, Kukifunga na Kukitunza

Mkulima mwenzangu, kisu cha kukunja ni chombo kidogo, lakini hufanya kazi nyingi shambani kuliko vyombo vingi vilivyo vikubwa. Asubuhi hukata kamba ya gunia la chakula cha ng'ombe. Mchana huchonga kijiti cha kupandikizia mche wa avokado. Jioni humenya chungwa la mtoto. Kisha hurudi mfukoni, na mwenyewe hukisahau mpaka atakapokihitaji tena.

Zamani wengi katika skimu walinunua kisu cha bei rahisi sokoni, kikalegea baada ya msimu mmoja, wakanunua kingine. Siku hizi mambo yamebadilika. Watoto walio ng'ambo huwaletea wazazi wao visu vya thamani. Maduka ya mjini huuza visu vilivyotengenezwa Uswisi, Ufaransa, Ujerumani na Marekani. Kimoja chaweza kugharimu bei ya kuku wawili watatu, kingine bei ya mbuzi, na kingine bei ya ndama. Mali ya namna hiyo haifai kuharibiwa kwa kutojua.

Tena kuna jambo lililo kubwa kuliko fedha. Kisu cha bei kubwa hakimjui mwenyewe. Mkulima aliyezoea kisu butu hukifungua kisu kipya kwa nguvu zilezile, na kumbe makali yake ni kama wembe. Anayekatwa mshipa wa kidole hatakamua ng'ombe wala kuchuma chai kwa majuma mengi. Kwa hiyo somo la mwezi huu ni juu ya kisu cha kukunja: sehemu zake, namna ya kukifungua na kukifunga, namna ya kukinoa na kukitunza, na kazi ambazo hakifai kutumiwa.

SEHEMU ZA KISU

Kishike kisu chako mkononi, nasi tukitazame pamoja. Ikiwa kimekunjwa, kiache hivyo hivyo kwanza.

Mpini ni mahali pa kushika. Waweza kuwa wa mti, pembe, plastiki au madini. Bapa ni kile chuma kinachokata. Bapa lina makali upande mmoja, mgongo upande wa pili, na ncha mwishoni. Mahali bapa linapoungana na mpini pana msumari ambao bapa hulizunguka kama mlango unavyoizunguka bawaba yake. Tutauita msumari wa bawaba.

Sehemu ya mwisho ndiyo inayotofautisha kisu na kisu, nayo ni kile kinacholizuia bapa lisijikunje wakati wa kazi. Kuna namna nne ambazo mkulima yafaa azijue.

Namna ya kwanza ni springi ya mgongoni. Haifungi kabisa, bali hulibana bapa tu lisitikisike. Visu vidogo vyekundu vya Uswisi ni vya namna hii. Karl Elsener alianza karakana yake mwaka 1884 huko Ibach, na mwaka 1891 akaanza kuwapelekea askari wa nchi yake visu. Kampuni yake leo huitwa Victorinox. Kumbuka kwamba kisu cha springi hakina komeo. Ukikisukuma kwa ncha, chaweza kujikunja juu ya vidole vyako.

Namna ya pili ni komeo la pete. Pete ya chuma huzungushwa kwa kidole shingoni mwa mpini ili kulizuia bapa. Ndiyo namna ya visu vya Opinel, vilivyoanzwa na Joseph Opinel mwaka 1890 katika milima ya Savoie, Ufaransa, kwa ajili ya wakulima na wachungaji wa huko. Pete hiyo iliongezwa mwaka 1955. Kisu chao namba 8 kina bapa la sentimita 8.5, nacho hupendwa sana kwa kazi za bustani.

Namna ya tatu ni komeo la mgongoni. Kipande cha chuma mgongoni mwa mpini huingia katika pengo la bapa, na hufunguliwa kwa kukibonyeza kwa kidole gumba. Kisu cha Marekani kiitwacho Buck 110, kilichotokea mwaka 1964, kiliifanya namna hii ijulikane kote.

Namna ya nne ni komeo la ubavuni. Ubavu mmoja wa mpini umekatwa ukawa kama ulimi wa chuma. Kisu kikifunguliwa, ulimi huo huruka na kusimama nyuma ya bapa. Namna hii huonekana sana katika visu vya bei kubwa. Kimojawapo huitwa Sebenza, na msomaji atafurahi kujua kwamba jina hilo ni neno la Kizulu lenye maana ya kufanya kazi. Mtengenezaji wake, Chris Reeve, alitoka Afrika ya Kusini, akahamia Marekani mwaka 1989.

KABLA YA KUFUNGUA

Fanya mambo matatu kila mara. Kwanza, simama au keti imara. Usifungue kisu huku unatembea, au umepanda ngazi, au umeketi nyuma ya pikipiki. Pili, kausha mikono. Mikono yenye maziwa, mafuta ya kukamulia au utomvu wa ndizi huteleza. Tatu, tazama aliye karibu nawe. Mtoto hupenda kuja kuchungulia anaposikia mlio wa kisu.

KUFUNGUA KWA MIKONO MIWILI

Hii ndiyo njia ya kisu chenye kijishimo cha ukucha juu ya bapa, nayo ni njia njema kwa mtu yeyote anayeanza.

Shika mpini kwa mkono wa kushoto, mgongo wa kisu ukielekea kiganjani. Vidole viushike mpini ubavuni, wala ncha za vidole zisipite juu ya ufa ambao bapa litatokea. Tia ukucha wa kidole gumba cha kulia katika kijishimo, ulivute bapa polepole. Likiisha kutoka kidogo, lishike ubavuni kwa kidole gumba na cha shahada, ulipeleke mpaka mwisho. Usiliachie katikati, maana springi yaweza kulirudisha kwa nguvu.

Kisu cha pete kina jambo moja zaidi. Kabla ya kuvuta, hakikisha kwamba pete imegeuzwa na ufa wake unalingana na bapa. Baada ya kufungua, zungusha pete mpaka ikaze. Wengi husahau hatua hii ya mwisho, na ndiyo hatua inayolinda vidole.

Mpini wa mti ukinyeshewa huvimba, na bapa hukwama ndani. Usilivute kwa koleo wala kwa meno. Wafaransa wa Savoie wana njia yao: fungua pete, shika mpini bila kulizuia bapa, kisha gonga kitako cha mpini juu ya meza au gogo. Bapa litachungulia kidogo, nawe utaweza kulishika. Baadaye kiache kisu kivulini mpaka kikauke. Usikiweke karibu na moto, kwa maana mti utapasuka.

KUFUNGUA KWA MKONO MMOJA

Visu vingi vya bei kubwa vimetengenezwa ili mtu aweze kuvifungua kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa umeshika kamba ya ndama au tawi la mti. Vingine vina kinundu kidogo ubavuni mwa bapa. Vingine, kama vile vya Spyderco, vina tundu la mviringo ndani ya bapa. Vyote viwili husukumwa kwa kidole gumba.

Hapa watu wengi hukosea kwa namna mbili.

Kosa la kwanza ni kusukuma kuelekea juu. Bapa haliendi juu, huzunguka. Kwa hiyo kidole gumba nacho lazima kizunguke. Sukuma kinundu kwanza kuelekea nje, mbali na mpini, kisha kifuate bapa katika mviringo wake kama mtu anayefungua mlango. Ukisukuma vizuri, huhitaji nguvu nyingi.

Kosa la pili ni la wenye visu vya komeo la ubavuni. Mtu hukishika kisu kwa nguvu, na vidole vyake vinne vinaukandamiza ule ulimi wa komeo. Sasa ujue kwamba katika ulimi huo mna kijigololi kidogo cha chuma kinachoingia katika tundu la bapa ili bapa lisijifungue mfukoni. Ukiukandamiza ulimi, unakikandamiza kijigololi, na bapa halitoki. Mwenye kisu hudhani kisu ni kibovu au kinataka nguvu. Husukuma zaidi, mara vidole vyalegea, na bapa laruka kwa kishindo. Wako waliokatwa hivyo, wakakilaumu kisu.

Dawa yake ni rahisi. Shika mpini kwa ncha za vidole kwenye kingo zake, mbali na ulimi wa komeo, kisha usukume kwa kidole gumba. Bapa litatoka kwa upole. Litakapofika mwisho utasikia mlio mdogo, nao ni ulimi umesimama mahali pake. Tazama kwa macho kwamba umesimama nyuma ya bapa. Usiamini sikio peke yake.

Visu vingine vina kijipembe mgongoni mwa mpini, nacho huvutwa kwa kidole cha shahada. Kivute sawasawa kuelekea nyuma, huku kidole gumba kikiwa juu ya ubavu wa mpini, wala si mbele ya bapa.

Vijana hupenda kukifungua kisu kwa kukirusha kwa kifundo cha mkono ili kilie. Mtindo huo haufai. Kila kinaporushwa, bapa hugonga kizuizi chake kwa nguvu, na baada ya muda kizuizi huchakaa, bapa huanza kutikisika, na komeo halisimami tena vizuri. Tena kisu kikiponyoka mkononi, hujui kitaangukia mguu wa nani. Na kikianguka, usijaribu kukidaka. Ondoa miguu, kiache kifike chini.

KUFUNGA

Visu hukata watu wakati wa kufungwa vivyo hivyo kama wakati wa kufunguliwa, kwa sababu mtu akimaliza kazi hulegeza akili.

Kisu cha springi hufungwa kwa mikono miwili. Shika mpini kwa mkono mmoja, vidole vikiwa mbali na ufa. Kwa kiganja cha mkono wa pili sukuma mgongo wa bapa. Usishike makali, wala usifunge kwa kukisukuma kisu juu ya paja.

Kisu cha pete: geuza pete kwanza, kisha ukunje bapa. Visu vya pete vya siku hizi huweza kufungwa pete hata vikiwa vimekunjwa, nawe ufanye hivyo kabla ya kukitia mfukoni.

Kisu cha komeo la mgongoni: bonyeza komeo, anza kukunja bapa kwa mkono wa pili, kisha hakikisha kwamba vidole vyote vimetoka katika njia ya makali kabla ya kulimaliza.

Kisu cha komeo la ubavuni: sukuma ulimi kando kwa kidole gumba, kunja bapa kidogo tu, kisha ondoa kidole gumba hicho. Ndipo ulimalize bapa. Asiyeondoa kidole gumba hujifungia bapa juu yake mwenyewe.

Komeo la namna yoyote ni msaidizi tu. Lipime mara moja kwa mwezi. Fungua kisu, shika mpini vidole vyote vikiwa mbali na ufa, kisha gonga mgongo wa bapa polepole juu ya kipande cha mti. Komeo likiachia, usikitumie tena kisu hicho mpaka kitengenezwe na mtu anayekifahamu.

KUNOA

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, walisema wazee, na mkulima wa matunda aweza kuongeza kwamba ndiye mwenye miche inayoshika. Unapopandikiza avokado, ngozi ya kijani iliyo chini ya gome la kipandikizi sharti igusane na ile ya shina. Kisu kikali hukata mara moja, na jeraha huwa laini kama kioo. Kisu butu husaga. Mahali palipokatwa hubaki na nyuzi na mashimo, maji na ukungu huingia, na mche hukauka. Mkulima husema mbegu ni mbaya, na kumbe kosa lilikuwa la kisu.

Tafuta kinoo chenye pande mbili, upande mmoja wa kukwaruza na mwingine laini. Kukinoa kisu kizuri kwa jiwe la sakafuni au kwa tupa ya kunolea panga ni kukila kabla ya wakati wake. Usikipeleke kwa fundi mwenye jiwe la kuzungushwa kwa umeme. Jiwe hilo hutia joto. Makali yakigeuka rangi ya buluu, ule ugumu uliotiwa kiwandani umekwisha hapo, na kisu hakitakaa na makali tena hata ukikinoa kila siku.

Lowesha kinoo kwa maji. Kama kimekwisha kutiwa mafuta tangu mwanzo, endelea na mafuta, wala usivichanganye viwili hivyo.

Sasa tujue pembe ya kulalia kisu. Visu vingi vya mfukoni hunolewa kwa nyuzi 15 mpaka 20 kila upande. Kama huna chombo cha kupimia, twaa karatasi yenye kona ya mraba, ambayo ni nyuzi 90. Ikunje kona hiyo mara moja, utapata nyuzi 45. Ikunje tena, utapata nyuzi 22 na nusu. Pembe ya kisu chako iwe ndogo kidogo kuliko hiyo. Au pima hivi: ikiwa bapa lina upana wa sentimita 2, inua mgongo wake milimita 5 juu ya kinoo kwa nyuzi 15, au milimita 7 kwa nyuzi 20.

Anza upande wa kukwaruza. Lipeleke bapa mbele kana kwamba unakata ganda jembamba la kinoo, kutoka shingoni mpaka nchani, bila kubadili pembe. Rudia mara 10, kisha papasa upande wa pili wa makali kwa kidole gumba, ukikitoa kidole kutoka mgongoni kwenda nje, wala usikipitishe kwa urefu wa makali. Ukigusa ukingo mdogo kama uzi wa chuma uliojikunja, upande ule umenolewa vya kutosha. Usipougusa, endelea. Kisha geuza kisu, ufanye vivyo hivyo upande mwingine.

Hamia upande laini wa kinoo, unoe kwa mkono mwepesi, mara moja upande huu na mara moja upande ule. Mwisho lipitishe bapa juu ya mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma, ili ule uzi wa chuma utoke. Jaribu juu ya karatasi. Kisu kilichonolewa vizuri hukata karatasi bila kuipasua. Usijaribu juu ya kidole.

Angalia sana hapa: visu vingi vya kupandikizia miche, kama vile vya Tina kutoka Ujerumani, vina mteremko wa makali upande mmoja tu, na upande wa pili ni bapa tupu. Kisu hicho hunolewa upande wenye mteremko. Upande mwingine hulazwa kabisa juu ya kinoo laini mara moja au mbili, ili kuondoa ule uzi tu. Ukikinoa pande zote mbili kama kisu cha nyama, hakitakata tena kwa mstari ulionyoka, na fedha zako zimekwenda. Kabla ya kununua kisu cha namna hii, sema kama watumia mkono wa kulia au wa kushoto, maana vya mashoto ni vingine.

KUSAFISHA NA KUTIA MAFUTA

Kuna bapa la chuma kinachozuia kutu na bapa la chuma cha kawaida. La kwanza huvumilia, lakini jina lisikudanganye, kwa kuwa hata hilo hushika kutu likiachwa na chumvi, dawa au unyevu. La pili huwa kali upesi, lakini linataka kufutwa kila baada ya kazi, hasa ukikata chungwa, ndimu au nanasi. Likigeuka rangi ya kijivu si neno, kwani rangi hiyo haidhuru. Ukiona rangi ya matofali, hiyo ni kutu, iondoe siku ileile.

Mara moja kwa juma, au mara nyingi zaidi wakati wa vumbi, fanya hivi. Fungua kisu. Kama mpini si wa mti, kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ukisugua shingoni na ndani ya ufa kwa mswaki wa zamani. Kama mpini ni wa mti, usikizamishe majini. Futa bapa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, na ufa usafishe kwa kijiti na mswaki mkavu. Kausha vizuri, kisha kiache wazi kwa saa moja mahali pakavu, mbali na watoto.

Tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye msumari wa bawaba. Fungua na kufunga mara 10 polepole. Futa mafuta yaliyozidi, kwa sababu mafuta mengi hukusanya vumbi, na vumbi lenye mafuta husaga chuma kama msasa. Usitumie mafuta ya kupikia mahali hapo, maana hukauka na kunata. Kama utakata chakula, osha bapa kwanza.

Bapa likitikisika kutoka upande hadi upande, na msumari wa bawaba una skrubu, ikaze kidogo tu kwa bisibisi inayoingia sawasawa. Skrubu nyingi za siku hizi zina tundu la umbo la nyota, na bisibisi ya kawaida huliharibu. Kaza kidogo, jaribu, kisha kaza tena ikibidi. Ukikaza mno, bapa halitazunguka. Usikifungue kisu chote vipande vipande kwa kutaka kuona kilichomo. Kuna sehemu ndogo zinazopotea majanini zisionekane tena.

KAZI ZISIZOFAA

Kisu cha kukunja ni cha kukata. Si cha kubandua mfuniko wa mkebe wa rangi, wala kugeuza skrubu, wala kukata seng'enge, wala kupasua kuni kwa kupigwa nyundo mgongoni. Ncha huvunjika kwa sababu chuma kigumu hakipindi. Kwa kazi hizo tumia bisibisi, koleo na shoka. Kata daima kuelekea mbali na mwili wako, na mkono ulioshika kitu uwe nyuma ya makali.

Usikate migomba kwa kisu chako cha mfukoni. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba husafiri juu ya chuma kutoka shina hadi shina. Vyombo vya migomba huunguzwa kwa moto au kutiwa dawa ya klorini, na mambo hayo mawili ni adui za kisu kizuri: moto huondoa ugumu wake, na klorini hukitia kutu. Tumia panga kwa migomba, nalo lisafishwe kila baada ya shina. Ugonjwa wa virusi wa matunda ya pasheni nao huweza kuchukuliwa na kisu, kwa hiyo anza kukata mimea iliyo mizima, na mgonjwa aguswe mwisho. Unapopandikiza miche, futa bapa kwa spiriti kila unapoanza mti mpya, na usifanye hivyo karibu na moto.

Tena kuna jambo moja ambalo kila mwenye kisu katika skimu lazima alishike. Ng'ombe, mbuzi au kondoo akifa ghafula, hasa ukiona damu inatoka puani, mdomoni au nyuma, kiache kisu mfukoni. Huenda ni kimeta. Usimchune, usimpasue, usigawe nyama. Vijidudu vya kimeta vikipata hewa hujifanyia ganda na kukaa udongoni miaka mingi, na huwashika watu. Zuia mbwa na watoto, kisha mwite ofisa wa mifugo upesi. Nyama ya ng'ombe mmoja si kitu ukiilinganisha na nyumba nzima ya wagonjwa.

Mwisho, kisu ni chombo cha shamba. Usiende nacho kwenye mkutano wa hadhara, wala kilabuni, wala usimpe mtoto aende nacho shuleni. Ukisafiri kwa ndege, hakiruhusiwi mkononi wala mfukoni. Ukimpa mtu kisu, mpe kikiwa kimekunjwa.

UKIJIKATA

Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia kwa dakika 10, na uinue mkono juu. Damu ikitulia, osha kwa maji safi na sabuni, kisha funga. Usitie udongo, majivu, samadi wala mafuta ya gari. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi, na kisu cha mkulima hugusa vitu hivyo kila siku. Basi nenda zahanati uulize juu ya sindano ya pepopunda, hata kama jeraha ni dogo. Ikiwa damu haikomi, au kidole hakikunjiki, au ncha yake haina hisi, usingoje kesho. Nenda hospitali siku ileile.

MASWALI YA KUJIPIMA

Msomee jirani asiyejua kusoma somo hili, kisha mjibu pamoja:

1. Kisu chako ni cha komeo gani, au hakina komeo?
2. Kwa nini bapa la kisu cha komeo la ubavuni hukataa kutoka ukikishika kwa nguvu?
3. Kidole gumba huondolewa wakati gani unapofunga kisu cha namna hiyo?
4. Kisu cha kupandikizia miche hunolewa upande gani?
5. Utafanya nini ukikuta ng'ombe amekufa ghafula na damu inamtoka puani?

Asiyeweza kujibu swali la pili na la tatu asikifungue kisu kipya bado. Na akae chini na kisu cha springi, kwa mikono miwili, mpaka vidole vyake vizoee kukaa mbali na ufa. Kazi ya dakika 15 kwa siku, kwa juma moja, yatosha.